Haramia akishikwa, nani ana haki ya kumhukumu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa tatu hapa Mombasa, na nimepewa insha kuhusu mamlaka ya mahakama juu ya maharamia enzi za ukoloni. Kila ninachosoma kinasema haramia ni adui wa wanadamu wote, kwa hiyo taifa lolote lingeweza kumhukumu. Kama ni hivyo, kwa nini haramia Kidd alikamatwa Boston akapelekwa mpaka London kunyongwa, ilhali miaka michache baadaye Quelch, haramia mwingine, alinyongwa palepale Boston? Nahodha wa manowari hakuwa na haki ya kumtundika mtu kwenye mlingoti akamaliza kazi? Na Wahindi walioibiwa, mbona mahakama zao hazitajwi? Nauliza pia kwa sababu ya nyumbani. Kaka yangu ni baharia kwenye jahazi la mizigo linalokwenda Somalia na Oman. Mwaka jana manowari ya kigeni iliwasimamisha, wakapekuliwa, wakapigwa picha, wakaachiwa. Tangu siku hiyo mama halali. Akija kushikwa kwa makosa, nani atamhukumu?"

Marahaba, mwanangu. Kinachokusumbua nakielewa hivi: umeambiwa haramia alikuwa halali ya kila taifa, kisha ukifungua kumbukumbu za kesi unakuta watu wakibishana miaka na miaka juu ya nani amhukumu, wapi, na kwa sheria ipi. Unahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Uko sahihi, na insha yako ianzie hapohapo.

Vitabu vingi huchanganya maswali matatu. Nani anaruhusiwa kumkamata haramia baharini? Mahakama ipi ina uwezo wa kusikiliza kesi yake? Na kesi hiyo iendeshwe kwa utaratibu gani, nani akiamua kama ana hatia? Kauli ya "adui wa wanadamu wote" inajibu lile la kwanza tu. Mwizi akipigiwa kelele sokoni, muuza nyanya ana haki ya kumkamata shati asikimbie, lakini hawi hakimu kwa kumkamata. Mahakama haipati uwezo kutokana na ubaya wa mshtakiwa. Inaupata kutokana na sheria iliyoiunda, na sheria hiyo ina mipaka yake ya mahali, ya makosa na ya watu. Ugomvi wa enzi zile ulikuwa juu ya mipaka hiyo.

Tuichukue Uingereza, maana kesi ulizozitaja ni zake, na sheria yake ndiyo iliyokuja kuota mizizi kwetu. Zamani kosa la baharini lilisikilizwa na mahakama ya Admiralti, yaani mahakama ya mambo ya bahari, kwa taratibu zilizotoka kwenye sheria za Kirumi: ili mtu ahukumiwe kifo, ilitakiwa akiri mwenyewe au wapatikane mashahidi walioona kwa macho. Maharamia hawakuwa na desturi ya kuacha mashahidi. Ndipo mwaka 1536, chini ya Mfalme Henry VIII, Bunge likapitisha sheria ya kuzihamishia kesi hizi kwa makamishna wa mfalme wanaofuata utaratibu wa kawaida wa jinai, pamoja na juri, yaani raia 12 walioapishwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kesi kubwa zilisikilizwa katika mahakama ya Old Bailey, London. Waliohukumiwa walinyongwa Wapping, kwenye ukingo wa mto Thames, chini ya alama ya maji makuu, na maiti ikaachwa mpaka maji yajae juu yake mara tatu. Mahali pale palikuwa na maana ya kisheria. Mamlaka ya Admiralti yaliishia pale yanapofika maji, kwa hiyo hata mti wa kunyongea ulisimikwa ndani ya mpaka wa mamlaka hayo.

Sheria ya 1536 ilikuwa na tundu moja kubwa: ilitungwa kabla Uingereza haijawa na makoloni ng'ambo ya Atlantiki, na juri zake zilikuwa za ndani ya Uingereza. Haramia akikamatwa Jamaica au New York, gavana alibaki na njia mbili, zote mbovu. Ampeleke London pamoja na mashahidi, au atumie sheria ya koloni lenyewe kama ipo. Na juri za koloni mara nyingi zilimwachia, kwa kuwa fedha ya haramia ndiyo iliyokuwa ikizunguka madukani. Benjamin Fletcher, gavana wa New York miaka ya 1690, aliwapa hati za mfalme za kuteka meli za adui mabaharia ambao mji mzima ulijua wanakwenda kuvizia meli za Bahari ya Shamu.

Hapa kisa kinaingia kwenye bahari yetu. Mapema mwaka 1695 Mwingereza Henry Every, nahodha wa meli ya Fancy, alitia nanga Nzwani, katika visiwa vya Komoro, akaacha barua kwa manahodha wa Kiingereza akiwahakikishia kwamba hajamdhuru Mwingereza wala Mholanzi. Juu ya watu wengine hakuahidi kitu. Septemba mwaka huohuo akaiteka Ganj-i-Sawai, meli kubwa ya Mfalme Aurangzeb wa India, iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji waliotoka Makka. Walioteswa na kubakwa ndani ya meli ile walikuwa watu wanaorudi kutoka hija. Insha yako isilipite jambo hilo haraka, kwa sababu wao ndio walioibiwa na kuumizwa, na katika kesi iliyofuata London hawakuwa na nafasi.

Umeuliza mahakama zao zilikuwa wapi. Zilikuwepo, Surat ilikuwa na gavana wake na makadhi wake. Lakini Aurangzeb hakuwa na manowari za kumfuata Every hadi Bahamas, alikokimbilia. Alichokuwa nacho ni Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, waliokuwa wakifanya biashara katika ardhi yake kwa idhini yake. Wakatiwa pingu Surat, biashara yao ikasimama, na Kampuni ikalazimika kukubali kuzisindikiza meli za mahujaji. Kwa macho ya dola ile, mkosaji alikuwa Mwingereza, na Waingereza walipaswa kuwajibika kwa ajili ya mwenzao. Nayo ni hoja ya mamlaka, na mimi naipa uzito sawa na zile za Ulaya: dola inamshika aliye ndani ya uwezo wake ili imlazimishe aliye nje kuwajibika. Ukiiandika hivyo utajitofautisha na wanafunzi wanaoanza na kumaliza historia hii London.

London ikahitaji kesi ya kumwonyesha Aurangzeb kwamba inaadhibu watu wake. Every hakupatikana, lakini mabaharia wake sita walipatikana, na Oktoba 1696 wakafikishwa Old Bailey. Jaji wa Admiralti, Sir Charles Hedges, aliieleza juri kwamba mfalme wa Uingereza, sawa na wafalme wengine, ana uwezo wa kuadhibu uharamia hata katika bahari za mbali kabisa. Kwa nadharia hakuna kilichopungua. Juri ikasikiliza, ikatoka, ikarudi na neno lake: hawana hatia.

Serikali haikuamini masikio yake. Baada ya siku chache watu walewale wakasimamishwa mbele ya juri nyingine, na hapo ndipo nataka utulie usome kwa makini. Shtaka lililowatia hatiani kwanza halikuwa la kuwaibia Wahindi. Lilikuwa la kuiba meli yao wenyewe, ambayo zamani iliitwa Charles II, waliyoitorosha kutoka La Coruña, Hispania, mwaka 1694. Meli ya Kiingereza, wenye meli Waingereza, wezi Waingereza. Watano wakanyongwa Novemba 25, na wa sita, aliyekiri, akanusurika. Kanuni pana kuliko zote ilishindwa mbele ya watu 12 wa London, na kilichofaulu ni uhusiano wa kawaida kabisa wa uraia na umiliki. Ukisoma tena kwamba taifa lolote lingeweza kumhukumu haramia yeyote, ikumbuke juri ile ya kwanza.

Sasa Kidd. Alikamatwa Boston Julai 1699. Gavana Bellomont alikuwa amefungwa mikono: sheria ya Massachusetts haikuweka adhabu ya kifo kwa uharamia, na ile ya 1536 haikumpa mahakama pale alipo. Akamweka ndani, akaomba maelekezo, na Kidd akasafirishwa. Mei 1701 akasimama Old Bailey. Alishtakiwa kwa kumuua mpiga mizinga wake, William Moore, aliyempiga kichwani kwa ndoo yenye pete za chuma, na kwa kuteka meli kadhaa, kubwa ikiwa Quedagh Merchant, aliyoikamata pwani ya India Januari 1698.

Utetezi wake juu ya meli ile ulikuwa utetezi wa mamlaka hasa. Alikuwa na hati ya mfalme ya kukamata meli za Wafaransa, na Quedagh Merchant ilibeba hati ya kusafiria ya Ufaransa. Basi, alisema, yeye si haramia, ni mtu aliyekuwa kazini. Hati hizo za Kifaransa alikuwa amemkabidhi Bellomont, naye akazipeleka London. Kwenye kesi hazikuonekana. Akanyongwa Wapping Mei 23, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikapatikana katika kumbukumbu za serikali, London hiyohiyo. Sisemi zingemwokoa, maana shtaka la mauaji lilikuwepo na meli nyingine zilikuwepo. Ila mshtakiwa ambaye ushahidi wake umo mikononi mwa wanaomshtaki anabaki kuomba huruma tu.

Wakati Kidd anasubiri gerezani, sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Mwaka 1700 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kukomesha uharamia, ile ambayo orodha rasmi huipa mwaka 1698, usije ukadhani ni mbili. Tangu hapo haramia aliweza kuhukumiwa katika koloni, katika ngome ya biashara, hata ndani ya meli, mbele ya watu wasiopungua saba: gavana, ofisa wa Admiralti, nahodha wa manowari, na wakipungua idadi ikajazwa na wafanyabiashara wanaojulikana, wenye mashamba, au manahodha wa meli za Kiingereza zilizopo karibu. Wengi wao wakikubali, mtu ana hatia. Juri iliondolewa kabisa, na ukiikumbuka kesi ya 1696 huwezi kushangaa.

John Quelch ndiye aliyeonjeshwa sheria hiyo Boston, mwaka 1704. Meli yake, Charles, ilikuwa na kibali cha kuwashambulia Wafaransa na Wahispania. Yeye akaenda Brazili akateka meli za Wareno, ambao wakati huo walikuwa marafiki wa Malkia Anne. Gavana Joseph Dudley aliongoza mahakama mwenyewe. Wakili aliyepewa Quelch kwa ajili ya hoja za kisheria alipinga ushahidi wa mabaharia watatu wa meli ileile, waliogeuka mashahidi wa upande wa mashtaka ili wajinusuru. Alisema kwamba ikiwa mmeondoa juri na kurudi kwenye taratibu za Admiralti, basi rudini nazo zote, pamoja na masharti yake magumu ya ushahidi. Hoja ilikuwa nzuri na ilikataliwa. Serikali ilichukua wepesi wa mfumo mmoja ikaacha kinga zake, na ikaacha vilevile kinga kuu ya mfumo wa pili, ambayo ni juri. Quelch alinyongwa na wenzake watano Juni 30, na gharama za kesi zikalipwa kutoka dhahabu waliyokamatwa nayo. Anakumbukwa kwa kuwaonya watu waliokusanyika kwamba wawe waangalifu wanavyoleta fedha New England, wasije wakanyongwa kwa ajili yake.

Basi Kidd na Quelch walitenganishwa na sheria moja ya Bunge. Uzito wa makosa yao haukuhusika.

Kuhusu nahodha na mlingoti, picha hiyo imetiwa chumvi nyingi. Katika mapigano aliweza kuua, hilo halina ubishi. Waandishi wa sheria wa karne ya 17 walikiri pia kwamba kwa desturi ya kale, haramia aliyeshindwa baharini angeweza kunyongwa palepale, endapo tu hapakuwa na namna ya kumfikisha bandarini. Bandari ikiwepo, mahakama inatakiwa. Na nahodha mwenye akili aliipenda mahakama, maana mfungwa aliyehukumiwa kihalali hawezi kugeuka kesi dhidi yake mwenyewe akirudi Uingereza. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Woodes Rogers, gavana wa Bahamas, Desemba 1718 alikuwa na washtakiwa kumi Nassau, hana agizo la wazi la kuwahukumu, wala hana askari wa kutosha wa kuwalinda au kuwasafirisha. Akaunda mahakama hivyohivyo, wanane wakanyongwa, na yeye akaandika kujieleza kwa wakubwa wake.

Kesi ninayotaka uitazame kwa karibu zaidi ni ya mwaka 1722, katika ngome ya Cape Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Februari mwaka huo manowari Swallow, chini ya Chaloner Ogle, ilimuua haramia Bartholomew Roberts karibu na Cape Lopez na kuwakamata watu wake zaidi ya 250. Ogle, kwa kuwa ndiye mkamataji, hakuongoza kesi. Kiti kilishikwa na Mungo Herdman, nahodha wa manowari nyingine. Hapo sheria ilijitahidi. Lakini pembeni yake waliketi James Phipps, mkuu wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika pwani ile, pamoja na maofisa wengine wa Kampuni, na Roberts alikuwa ameteka meli ya Kampuni hiyohiyo, Onslow, mwaka uliotangulia. Aliyeibiwa aliketi kiti cha hakimu, na sheria ya 1700 iliruhusu.

Walichokuwa wakikitafuta mahakimu kwa kila mshtakiwa ni kama alijiunga kwa hiari au kwa kulazimishwa. Waliuliza kama alipanda meli iliyotekwa kwa zamu yake, kama alipokea mgawo, kama aliwahi kufyatua mzinga. Peter Scudamore alikuwa tabibu, na desturi ilikuwa matabibu hawatii saini mkataba wa maharamia ili ijulikane wamelazimishwa. Yeye alitia saini, na akajisifia kuwa ndiye tabibu wa kwanza kufanya hivyo. Akanyongwa. Kwa jumla walinyongwa 52, na 74 wakaachiwa huru. Idadi hiyo ya walioachiwa inaonyesha kwamba mahakama isiyo na juri haikuwa lazima iwe machinjio, na insha ya haki lazima iseme hivyo.

Sasa wahesabu waliokamatwa, uwatoe waliohukumiwa na waliokufa, utaona watu wamepungua. Makumi kadhaa kati ya waliokamatwa kwenye meli za Roberts walikuwa Waafrika. Hao hawakushtakiwa, hawakuulizwa kama walijiunga kwa hiari, hawakuachiwa. Waliuzwa utumwani. Mwingereza aliyeshika upanga alipata siku yake ya kusema mbele ya hakimu. Mwafrika aliyekuwa sitaha ileile aliandikwa upande wa mali. Miaka mitatu kabla, mambo yalikwenda vingine Virginia. Haramia Blackbeard alipouawa Novemba 1718, Waafrika watano wa meli yake walikuwa miongoni mwa wafungwa, na Machi 1719 Gavana Spotswood akaliuliza baraza lake kama kuna sababu ya kutowahukumu sawa na maharamia wengine. Baraza likasema hakuna. Pale kutambuliwa kuwa mtu mwenye uwezo wa kutenda kosa kulimaanisha kamba. Cape Coast kutotambuliwa kulimaanisha minyororo. Ukiulizwa mamlaka ya mahakama yana uzito gani, weka kesi hizi mbili pamoja. Kabla hakimu hajasema lolote, mamlaka yamekwisha amua nani ataonekana mbele yake kuwa mtu.

Mifano ya mataifa mengine nitaigusa tu. Wafaransa walimnyonga Olivier Levasseur, yule La Buse, Julai 1730 kisiwani Bourbon, ambacho leo ni Réunion, miaka tisa baada ya kuteka hapohapo meli ya Wareno iliyojaa utajiri. Aliyeibiwa alikuwa Mreno, aliyehukumu alikuwa Mfaransa. Hapo kanuni ya "adui wa wote" ilifanya kazi bila kelele, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa Mfaransa na kosa lilitendeka mlangoni pa Wafaransa.

Kesi ya Leith, Scotland, ilikwenda vibaya mno. Mwaka 1705 Kapteni Thomas Green wa meli ya Kiingereza Worcester alishtakiwa katika mahakama ya Admiralti ya Scotland kwa kuiteka Speedy Return, meli ya Waskoti iliyopotelea upande wetu wa dunia. Uingereza na Scotland zilikuwa falme mbili chini ya malkia mmoja, na chuki ilikuwa juu. Ushahidi ukafika kwamba Speedy Return ilikuwa imetekwa Madagascar na haramia mwingine, John Bowen. Malkia Anne akataka hukumu isubiri. Makundi ya watu yalijaa mitaani Edinburgh, na Green na wenzake wawili wakanyongwa mchangani Leith Aprili 11. Mahakama ilikuwa na uwezo kamili wa kisheria, na iliua watu kwa kosa la mtu mwingine.

Kwa hiyo ukinidai nichague kati ya London na koloni, sitakupa jibu la mkato. London ilikuwa na juri, na juri iliweza kumkatalia mfalme, lakini mashahidi walikuwa miezi kadhaa mbali na mfungwa aliozea gerezani. Koloni lilikuwa na mashahidi na kasi, lakini mahakimu walikuwa na maslahi yao. Mimi naegemea upande wa juri, kwa sababu ya 1696, na nakushauri uandike unaegemea upande gani badala ya kuorodhesha faida na hasara.

Uzi huu unafika hadi kwenu Mombasa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika 1930 chini ya Waingereza, ilikuwa na kifungu cha 69 kilichoharamisha uharamia katika bahari kuu bila kueleza uharamia ni nini. Mwaka 1934 Baraza la Mfalme la London (Privy Council), mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, katika shauri la Wachina waliokamatwa na kufikishwa Hong Kong, lilisema mtu anaweza kuwa haramia hata kama hakufanikiwa kuiba, jaribio linatosha. Miaka mingi baadaye manowari za kigeni zikaanza kuwaleta Wasomali Mombasa, na kumi wa mwanzo wakafungwa miaka saba mwaka 2006. Novemba 2010 Mahakama Kuu Mombasa, katika shauri la washukiwa tisa, ikasema mahakama za Kenya hazina uwezo juu ya kosa lililotendeka nje ya Kenya, kwa kuwa kifungu cha 5 kinauwekea uwezo huo mipaka ya nchi. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikaitengua: uharamia, ilisema, unaweza kuhukumiwa na taifa lolote. Soma hukumu zote mbili. Ni mjadala uleule wa kukamata na kuhukumu, na jaji wa 2010 hakuwa akisema upuuzi. Alikuwa akiuliza sheria iliyompa kiti inafika wapi.

Sasa mama. Mwambie kusimamishwa na kupekuliwa si kushtakiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unairuhusu manowari kuikagua meli kwenye bahari kuu ikiwa kuna sababu ya msingi ya kuishuku uharamia, na tuhuma zikikosa msingi na meli haikufanya lolote la kuzileta, wenye meli wanastahili fidia ya hasara. Mkataba huohuo unasema mahakama za nchi iliyomkamata haramia zinaweza kuamua adhabu yake, na kwa makubaliano nchi hizo zimekuwa zikiwakabidhi washukiwa Kenya au Ushelisheli. Kenya sasa inatumia Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 na si kile kifungu cha zamani. Jambo likitokea ndani ya maili 12 za bahari kutoka pwani ya Somalia, basi ni bahari ya Somalia na suala ni jingine kabisa.

Hapo ndipo ushauri wangu wa maandishi unapofika kikomo. Ikiwa kaka yako alichukuliwa alama za vidole, alitia saini karatasi asiyoielewa, au kitabu chake cha ubaharia kilibaki mikononi mwao, aende kwa wakili anayeshughulika na kesi za bahari, ana kwa ana, kabla ya safari nyingine; Mombasa wapo. Siku mkisikia ameshikwa, msisubiri simu ya pili. Nendeni kwa wakili, kwa chama cha mabaharia na kwa Wizara ya Mambo ya Nje, na kama hamjui yuko wapi, Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta waliopoteana na jamaa zao. Asitoe maelezo bila mkalimani wa lugha anayoimudu.

Na kwa sasa, kabla jahazi halijang'oa nanga, ahakikishe jina lake limo kwenye orodha ya mabaharia, awe na nakala ya hati ya shehena na ya ruhusa ya kuondoka bandarini, na nakala nyingine zibaki nyumbani kwa mama. Wakisimamishwa tena, wamwombe nahodha aandike kwenye daftari la safari saa, jina au namba ya manowari, na mahali walipo kwa vipimo vya GPS. Kitu cha kwanza wakili atakachouliza ni meli ilikuwa wapi hasa, kwa sababu hicho ndicho kitakachomwambia nani ana uwezo wa kumhukumu.